Boliti Aliyoikaza Ta Elipidius

Kama umewahi kuharibikiwa na gari Omurushaka, Ta Elipidius umemwona. Gereji yake haina ukuta wala geti. Ni kiwanja cha udongo uliolowa oili mpaka ukawa mweusi, bati nne za kivuli, na maboksi ya kulalia chini ya magari. Hatua kumi kutoka hapo ndipo lilipo duka langu la vipuri. Naitwa Vero. Nauza machujio, mikanda, plagi, gundi na boliti, na kwa miaka kumi na miwili nimemtazama mtu huyu akifanya kazi kuliko mkewe alivyomtazama akila. Nina mdomo, sikatai, na hapa mjini wananijua kwa huo mdomo. Lakini habari hii imenikaa kooni muda mrefu, na leo naitoa.

Ta ndivyo huku tunavyomwita mwanamume wa heshima, na mwanamke tunamwita Ma. Elipidius aliipata hiyo Ta mapema, kabla hajaota mvi hata moja, kwa ajili ya mikono yake. Alizaliwa Kanoni, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima wa migomba na kahawa, Walutheri wa kwenda ibadani mvua inyeshe isinyeshe. Akiwa kijana alikuwa anajitwika gunia la kahawa bila kusaidiwa na mtu. Kisha akaenda Bukoba kujifunza ufundi kwa watu wa malori. Yalikuwa malori ya zamani, boliti zake nene kama gumba, chuma ndani ya chuma, na huko ukikaza nusunusu gurudumu linakuacha njiani. Mkono wake ulijifunzia hapo, akaurudisha kwetu hivyo hivyo kuja kushika magari madogo.

Alirudi na seti ya spana na bomba moja alilolikata kutoka bomba la maji, urefu wa mkono mzima. Alikuwa analichomeka kwenye mpini wa spana ili mpini uwe mrefu, na nguvu zake zinakuwa mara tatu. Alilipaka rangi nyekundu akaliita Mjomba. Ukisikia "Nipeni Mjomba!" ujue anafunga kazi. Watu waliacha chai yao wakaja kuangalia. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, boliti ikalia, na sisi tukaitikia, "Kaza! Kaza!"

Halafu kulikuwa na kuonja. Sijui nani aliianzisha desturi hiyo, nami niliikuta. Kazi ikiisha, mwenye gari au dereva wake anapewa spana aonje boliti, yaani avute kwa nguvu zake zote. Ikigoma kabisa kusogea, watu wanapiga makofi na gari linaondoka. Ikisogea, fundi hatalala kwa maneno ya watu. Na fundi akiacha kukaza mapema tunamuuliza kama leo ameamka bila kula. Barabara ya kwenda Kyerwa inatikisa, gari linarudi limelegea kila kiungo, kwa hiyo kwetu fundi mzuri alikuwa ni yule anayekaza kuliko wenzake. Mimi niliyekuwa nauza boliti mpya kila wiki, badala ya zile zilizokatikia ndani ya injini, sikujiuliza hata siku moja zinakatika kwa nini.

Na kuzitoa zilizokatika ndiko kulikomjengea jina zaidi. Hapo alikuwa na subira ya ajabu. Anaimwagia mafuta ya taa, anaiacha inywe, anaigonga polepole kwa nyundo ndogo, anachomelea nati juu ya kisiki chake, anaisubiri ipoe. Kisha anaizungusha nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma tena, bila haraka, mpaka inatoka. Watu walimsifu sana. Ukweli ni kwamba nusu ya kazi hiyo alikuwa anajitengenezea mwenyewe kwa Mjomba, na hakuna aliyemwambia.

Sasa niseme ya Jumamosi ile. Ilikuwa Novemba mwaka jana, msimu wa senene, mvua kila alasiri. Pastory alileta pikapu ya Ma Immaculata kubadilisha oili. Ma Immaculata ni mjane, mkazi wa Kanoni, anayenunua ndizi Kyerwa na kuzileta sokoni, mwanamke mkali, asiyependa mzaha na mali aliyoachiwa na marehemu. Pastory alikuwa dereva wake kwa miaka sita. Ni mtu wa Bugomora, huko huko Kyerwa, ana miaka thelathini hivi, mpole mpaka unamhurumia. Taa ya oili kwenye dashibodi ya pikapu ile ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo kila asubuhi Pastory alichomoa stiki ya kupimia oili, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena, akaisoma. Kitambaa hicho kilikaa mfuko wa nyuma wa suruali yake siku zote.

Ta Elipidius alimwaga oili ya zamani, akabadilisha chujio, akarudisha boliti ya sampu. Sampu ni lile bakuli la chini ya injini linaloshika oili, na la pikapu ile ni la aluminiamu, si chuma kigumu. Spana fupi na mkono mmoja vinaitosha boliti yake. Ta Elipidius akaomba Mjomba.

Watu tulikuwa kama wanane. "Kaza!" tulisema, na mimi nilisema kutoka mlangoni kwangu. Spana ikaenda, ikagoma, akavuta tena, ikagoma, akavuta. Halafu ikaenda kirahisi tu. Nilikuwa nauona uso wake pale chini ya gari, ukabadilika. Boliti iliyokuwa inakaza ikiwa laini ghafla, kila fundi anajua maana yake. Meno ya tundu yameliwa, hakuna cha kuishika tena.

Alitoka chini, akajifuta mikono, akaja dukani.

"Vero, nipe gundi ya gasketi. Na ule utepe mweupe wa mafundi bomba."

"Wa nini, Ta?"

"Nipe tu, waitu," akanibembeleza kwa neno la kwetu.

Nikampa. Hakuna anayeweka gundi na utepe kwenye boliti ya sampu ila mtu ambaye meno yamemwishia. Nilijua hilo kama ninavyojua bei za rafu zangu. Nikajisemea kwamba hayo ni ya mafundi, mimi ni muuzaji, nikaongeza sauti ya redio.

Aliivika boliti utepe, akaipaka gundi, akaisukuma mahali pake ikakaa. Ukafika wakati wa kuonja. Pastory angeigusa boliti ile ingezunguka kwa kidole. Basi Ta Elipidius alilala tena chini ya pikapu, akaingiza kichwa cha spana kwenye boliti nyingine, ya giaboksi, akamwachia Pastory mpini huku nje. Pastory alichuchumaa akavuta mpaka akatoka jasho.

"Imekaza, Ta!" alisema akicheka.

Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Baadaye sana Ta Elipidius aliniambia kwamba alipanga kumwita Jumatatu, amdanganye kuwa kuna kitu alisahau, atengeneze kimyakimya. Jumapili alikaa kiti cha nyuma kanisani na hakuimba. Lakini Jumatatu Pastory aliondoka kabla gereji haijaamka, akaenda Bugomora kupakia ndizi. Alipokuwa anarudi na mzigo, kwenye mteremko mbaya, boliti ilidondoka. Oili yote ikamwagika barabarani, mvua ikaiosha. Pastory hakuwa na taa ya kumwambia, akaendelea, mpaka injini ikajikaba ikafa pale pale. Alirudi nyuma kwa miguu akitafuta kwenye matope kitu kilichodondoka, hakukiona.

Pikapu ilivutwa mpaka gereji kwa Ta Elipidius, na ndizi zikiwa juu. Ma Immaculata alikuja kwa bodaboda. Alichomoa stiki mwenyewe akaiona kavu.

"Umeendesha gari langu bila oili!"

"Nilipima asubuhi, Ma," Pastory akasema. Akatoa kitambaa mfukoni, akakikunjua. Kilikuwa na mstari wa oili mpya, safi. "Angalia. Hii ni ya leo."

"Kitambaa kinasema ni ya lini? Boliti uliionja mwenyewe mbele ya watu, ukasema imekaza. Imejifungua?" Akamgeukia fundi. "Ta Elipidius, nakuuliza wewe. Boliti inaweza kujifungua?"

Wote tukamtazama. Alikuwa ameshika spana, anaizungusha zungusha.

"Ikikazwa vizuri haifunguki, Ma," akasema.

Hapo ndipo lilipotoka neno la wizi. Kama haikujifungua, basi kuna aliyeifungua, na aliyekuwa na gari ni mmoja. Mtu mmoja akasema Pastory ameikinga oili mpya njiani akaiuza. Hata jioni haikufika, mji mzima ulikuwa na jibu. Ma Immaculata alimnyang'anya funguo mbele yetu, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Vijana wa stendi wakampa jina, Mnywa Oili, na alipopita kwenda kutafuta gari la kumrudisha Bugomora walimwita hivyo kwa sauti. Nilicheka. Niseme ukweli, nilicheka na wenzangu, huku kiganja changu kinakumbuka tyubu ya gundi niliyouza.

Kazi ya kuifufua injini akapewa nani? Ta Elipidius. Alipoishusha sampu alikuta kazi yake mwenyewe inamtazama: tundu limechakaa, nyuzi za aluminiamu zinaning'inia, na gundi yangu imeganda pembeni. Aliifunika kwa gazeti haraka kama mtu aliyekutwa uchi. Nilimwona, naye akaona kwamba nimemwona. Tangu siku ile hatukutaniana. Alinunua vitu kwangu akiangalia meza, na mimi nikampa nikiangalia rafu.

Alipeleka sampu Kayanga kwa mzee Polikarpi, fundi wa kuchonga vyuma, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee aliingiza kidole kwenye tundu akakitoa.

"Nani alikaza hapa?"

"Ni gari la mteja tu, mzee. Sijui lilipita wapi."

Polikarpi alitoboa tundu liwe kubwa kidogo, akachonga meno mapya, akazungusha kifaa mbele nusu na nyuma robo, akidondoshea oili, kisha akaingiza kibushi, kijibomba cha chuma chenye meno ya boliti ile kwa ndani. Alipomaliza hakuirudisha sampu. Alivuta sampu nyingine mbovu kutoka kwenye rundo, akampa Ta Elipidius boliti na spana fupi ya urefu wa kiganja.

"Funga nikuone."

Ta Elipidius akafunga.

"Fungua. Umezidisha. Anza kwa vidole mpaka ikae. Weka washa mpya kila mara, ile pete ya shaba ya chini ya kichwa cha boliti, hiyo ndiyo inayozuia oili, siyo misuli yako. Halafu spana. Ukihisi imekaa, ongeza kidogo, uache."

Alimfungisha na kumfungulisha mara kumi, mtu wa miaka hamsini na tatu, mbele ya wateja wengine. Mzee hakumuuliza tena nani alikaza. Ta Elipidius aliniambia kwamba angeulizwa tena pale angesema, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kujua, na kujulikana bila kusemwa kulimtesa kuliko matusi.

Injini ilikamilika wiki ya pili ya Desemba. Ma Immaculata alikuja kuchukua gari lake, safari hii na dereva mpya aitwaye Elick, kijana aliyevaa miwani ya jua hata kwenye kivuli. Habari za injini ya Mnywa Oili zilikuwa zimesambaa, kwa hiyo watu walijaa kuliko siku zote. Ta Elipidius alilala chini ya pikapu. Aliingiza boliti kwa vidole, akachukua spana fupi, akakaza, akaongeza kidogo, akaacha. Mjomba alikuwa ameegemea nguzo.

Watu wakangoja. Hakuomba chochote. Akatoka chini.

"Tayari," akasema.

Kicheko kilichopigwa hapo sijapata kukisikia. "Ta, umeamka bila kula?" "Mjomba amefiwa?" Mmoja akalichukua bomba jekundu akamletea, na watu wakaanza, "Kaza! Kaza! Kaza!"

Ma Immaculata hakucheka. Alisogea mbele. "Ta Elipidius, hilo gari limeniua mara moja. Sitaki mchezo. Chukua bomba lako, kaza, Elick aonje, niondoke."

"Imetosha, Ma."

"Imetosha kwa nani? Ulikaza zaidi ya hapo mwezi uliopita, na bado yule mwizi aliifungua. Kaza."

Alishika Mjomba. Nilimwona ameshika, nikajua ana njia mbili tu. Akivuta, meno mapya ya Polikarpi yataliwa na mchezo utaanza upya, kwa dereva mwingine. Asipovuta, lazima aseme kwa nini. Aliliweka bomba chini.

"Ma, hakuna aliyeifungua," akasema. "Ile ya kwanza niliikaza mimi mpaka meno yakaisha. Nilijua pale pale. Nikaibandika kwa gundi. Pastory nilimwonjesha boliti nyingine. Oili aliipima. Hakuiba."

Ma Immaculata akamsogelea hatua moja.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza hapa hapa, ukanijibu."

"Ndiyo, Ma."

"Nimemwita mtoto wa watu mwizi kwa mdomo wangu. Mawe, mama yangu! Nani mwingine alijua?"

Nilikuwa mlangoni kwangu, na rafu ya gundi ilikuwa nyuma ya bega langu. Ta Elipidius hakugeuza shingo.

"Mimi peke yangu," akasema.

Ulimi huu unaowasema watu kuanzia stendi mpaka sokoni ulikaa kimya kabisa.

Ma Immaculata alimpandisha Ta Elipidius kwenye pikapu na nguo zake za oili, wakaenda Bugomora moja kwa moja. Walimkuta Pastory analima shamba la jirani kwa kibarua, mkewe Nikuze anapanda maharage nyuma yake. Ta Elipidius alisema tena, maneno yale yale, majirani wakisikia. Nikuze alikaa chini kwenye udongo akajifunika uso kwa kanga. Pastory alisikiliza mpaka mwisho, akaingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa kitambaa, kimefuliwa na kukunjwa lakini alama ya oili haijatoka. Akampa Ma Immaculata kwa mikono miwili.

"Nilikuonyesha, Ma," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Ilichukua siku nne na safari mbili nyingine za Ma Immaculata mpaka akakubali kurudi kwenye usukani. Elick akaenda zake na miwani yake.

Ta Elipidius bado yupo. Wateja wengine walimhama, wakaenda kwa mafundi wanaokaza mpaka boliti inalia, nami bado nawauzia boliti hao. Waliobaki anawaambia mapema kwamba kwake hakuna kuonja. Akiulizwa sababu, anaieleza yote, na jina la Pastory analitaja, na la kwake analitaja, kila mara, hata kwa mgeni aliyekuja kuziba pancha tu. Nilidhani atachoka. Hajachoka. Inaniuma kumsikia, kwa sababu kila akieleza anasema kwamba aliyejua ni yeye peke yake.

Mwezi wa Februari Pastory aliingia dukani kwangu, mara ya kwanza tangu arudi kazini.

"Shikamoo, dada Vero."

"Marahaba. Karibu."

Alitaka chujio la oili. Nilipokuwa nalifuta vumbi akaegemea meza. "Dada, nilikuwa sijakushukuru," akasema. "Wote hapa walinisema. Wewe na mdomo wako wote huo, hukunisema. Nikuze huwa ananiambia, yule dada wa vipuri ana utu."

Ningeweza kusema karibu tena. Ta Elipidius alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na hakuna mtu duniani angejua. Nikageuka, nikatoa tyubu ya gundi ya gasketi kutoka kwenye rafu, nikaiweka mezani kati yetu, na roli ya utepe mweupe kando yake.

"Hii niliuza mimi," nikasema. "Jumamosi ile, kabla hujaonja. Nilijua ni ya nini. Na walipokuita lile jina nilicheka."

Aliitazama tyubu. Akaigeuza kwa kidole kimoja, kama anasoma maandishi yake. Kisha akaweka pesa za chujio mezani, akalichukua, akatoka. Pikapu ikawaka vizuri, ikaondoka.

Anapita hapa kila siku mbili na mzigo wa ndizi. Kwa Ta Elipidius anasimama, wanasalimiana, wakati mwingine wanakunywa chai. Machujio siku hizi ananunua Kayanga.